Mjusi Dume Haruhusiwi

Juzi nilikuwa shambani kwangu Nyamache nikichuma majani chai, simu ikalia mfukoni. Ilikuwa picha kutoka kwa msichana aliyechukua kazi yangu ya ufundi wa maabara nilipostaafu. Alikuwa amepiga tumbo la mjusi kwa karibu sana, hata likafanana na chapati isiyoiva. Chini yake ameandika: "Mzee wetu, habari ya siku nyingi. Huyu ni dume ama jike?"

Nilicheka hadi mke wangu, aliyekuwa mstari wa pili, akauliza kama nimeingiliwa na siafu. Nikajaribu kujibu kwa kidole kimoja, nikaona jibu linanishinda. Kwa hiyo nimeketi chini kuwaandikia nyinyi nyote mnaoingia maabara za shule siku hizi, koti jeupe bado lina mikunjo ya dukani. Mambo ya tindikali mmefundishwa chuoni. Ya mjusi hamkufundishwa. Mimi pia sikufundishwa, na nusura mjusi anipeleke kuhesabu magunia stoo.

Shule yetu ilikuwa ya wasichana, ya Wakatoliki, juu kwenye kilima upande wa Magwagwa. Mkuu wa shule alikuwa Sista Perpetua, mama mfupi, mwenye mwendo wa mtu anayewahi mvua. Alikuwa na sheria nyingi, lakini moja ilikuwa juu ya zote: jua likizama, mwanamume asiwe ndani ya ua. Walimu wa kiume waliondoka kengele ya mwisho ikilia, na mimi nikiwa nyuma yao. Hata kibanda cha mlinzi kilijengwa nje ya lango, na dirisha lake likaelekezwa barabarani.

Mijusi waliletwa na Madam Kerubo, mwalimu wa bayolojia. Alikuwa amechoka kufundisha wanyama kwa chaki. Wasichana waliweza kuchora mguu wa mjusi vizuri sana, kila kidole na vikunjo vyake vya kunatia ukutani, lakini mjusi mwenyewe akitokea walipanda juu ya madawati. Akaniambia, "Fundi, nitafutie mijusi kafiri wa kufuga. Hawa watoto wazoee kitu chenye uhai."

Kwetu ni baridi, na mjusi kafiri hapendi baridi, kwa hiyo hukumkuta popote tu. Niliwapata jikoni, nyuma ya meko makubwa, ambako walikuwa wamenenepa kwa nzi. Sikilizeni hapa: mjusi hashikwi kwa mkono. Mfunike kwa bika, ile bilauri ya maabara, akiwa ukutani, kisha upenyeze karatasi ngumu kati ya bika na ukuta. Ukimshika mkia, atakuachia huo mkia uende nao nyumbani.

Niliwaweka katika tangi la kioo lililokuwa la samaki kabla samaki hawajafa. Upande mmoja nikaning'iniza balbu ya kuwapasha joto, upande wa pili nikaacha baridi ili kila mmoja ajichagulie. Ndani nikatia maganda makavu ya mgomba wajifiche. Maji hawanywi kwenye bakuli kama mbwa. Unanyunyizia kioo asubuhi, nao wanalamba matone. Chakula ni panzi na mende wadogo, umewapaka unga wa maganda ya mayai. Bila huo unga, jike hudhoofika mifupa.

Siku ya pili Sista Perpetua akaja kuona. Alizunguka tangi lote, mikono nyuma.

"Fundi Momanyi, hawa ni wa kike?"

"Sista, ni mijusi."

"Sijauliza kama ni mijusi. Mjusi namjua."

Nikamwangalia Madam Kerubo aniokoe. Yeye alikuwa anatazama dari, ameuma mdomo.

"Nikiruhusu dume mmoja alale humu," Sista akasema, "kesho msichana ataniuliza kwa nini mjusi ana ruhusa na binamu yake hana. Nitamjibu nini? Majike peke yao. Madume watoke nje ya lango."

Sikujua kama anatania. Isipokuwa mara moja, niliendelea kutojua kwa miaka yote niliyofanya kazi chini yake.

Sasa, mimi nilikulia kwenye mbuzi na ng'ombe. Kwa mbuzi huna haja ya kuuliza. Beberu anakuambia mwenyewe kwa harufu kabla hujafika zizini. Mjusi kafiri ameficha kila kitu. Nikaamua kuwajua kwa sura na tabia, kama tunavyofanya kwa watu, na ndipo nilipopotea.

Kulikuwa na mmoja mnene, mwenye kifua, aliyefika kwenye panzi kabla ya wengine wote na kuwasukuma kwa bega. Wasichana walikuwa wamemwita Chifu. Nikasema huyo ni dume bila shaka. Kulikuwa na mwingine mwembamba, mpole, aliyekaa kwenye pembe yake kama mtu aliyetubu. Huyo wakamwita Agnesi, nami nikasema huyo ni jike na tabia zake zinaonekana. Chifu nikampeleka langoni katika mtungi wa kioo pamoja na wawili waliofanana naye kwa ukorofi, nikamkabidhi mlinzi, Mzee Onchari. Agnesi akabaki.

Mzee Onchari alikuwa rafiki yangu. Kila saa nne ya asubuhi tulikunywa chai pamoja kibandani kwake. Lakini alikuwa Msabato wa kuzaliwa, na aliupokea ule mtungi kwa vidole viwili.

"Fundi," akasema, "jina la mnyama huyu lenyewe ni kafiri."

"Ni jina tu, Mzee."

"Hata shetani ni jina tu. Lakini acha wakae. Labda watasikia neno."

Wiki iliyofuata, Sista alikuja darasani wakati wasichana wakisali kabla ya somo. Wako kimya, macho yamefumbwa, mara Agnesi akainua kichwa pembeni mwake na kuita: tik-tik-tik-tik-tik. Kisha akamrukia jike aliyekuwa karibu na kumng'ata shingoni. Madam Kerubo alikohoa. Sista alifungua jicho moja. Sala ikaendelea, ila haikwenda mbali.

Siku hiyo hiyo, nikienda chai, Onchari aliniita pembeni kwa sauti ya mtu mwenye habari mbaya.

"Fundi, yule mwanamume wako ana mayai."

Alimwinua Chifu ndani ya mtungi, tukamtazama kwa chini dhidi ya mwanga. Ngozi ya tumbo la mjusi kafiri ni nyembamba, na ndani yake yalionekana mayai mawili meupe, moja huku na moja huku, kama peremende ndani ya soksi. Ule unene niliouita kifua cha kiume ulikuwa mimba.

Ikabidi Madam Kerubo anifundishe upya, na sasa nawafundisha nyinyi. Mtie mjusi katika bika safi, ufunike, usimminye. Inua bika, tazama kwa chini na lenzi ya mkononi. Angalia katikati ya mapaja ya nyuma. Dume ana mstari wa vitundu vidogo kama mshono wa cherehani, umepinda katikati. Jike pale ni laini. Kisha angalia shina la mkia, nyuma kidogo ya mapaja: dume ana vivimbe viwili, kama mtu aliyetia maharagwe kwenye mifuko ya nyuma ya suruali. Jike mkia wake unashuka bila habari. Kichwa cha dume ni kipana zaidi, na kelele nyingi ni zake, lakini hayo ni ya kuongezea tu. Usihukumu kwa kichwa wala kwa kelele, hata kwa watu.

Na mtoto wa mjusi usimhukumu kabisa. Ngoja akomae. Hilo nitalirudia ingawa mimi mwenyewe nililisikia na masikio yote mawili na bado halikuingia.

Basi nikawatahini wote. Agnesi alikuwa na mshono wa cherehani na maharagwe yote. Akaenda langoni, Chifu akarudi maabara, na wale wawili waliokuwa naye kwenye mtungi wakabaki kwa Onchari kwa sababu wao walikuwa madume kweli.

Lakini kuna jambo Madam Kerubo hakunionya, akidhani nalijua: madume hawakai mtungi mmoja wakizoea mahali. Wale wawili walikuwa wameelewana, ila Agnesi alipoingia, upole wote ulikwisha. Nilifika langoni nikamkuta Onchari amesimama nje ya kibanda chake mwenyewe, sahani ya obokima, ugali wetu, mkononi. Alikuwa amefungua mtungi kuwaamua. Mmoja alikuwa ametoroka kwenye paa. Juu ya meza, karibu na mboga, mkia peke yake ulikuwa ukicheza.

"Nimeuambia utulie," Onchari akasema. "Nimeuambia kwa Kiswahili na kwa Ekegusii."

"Utaacha wenyewe, Mzee."

"Nimeusomea na Zaburi."

Tulikaa nje hadi ulipoacha. Yeye alisema ni Zaburi. Mimi niliuokota kwa karatasi, nikautupa nje.

Madume waliobaki nikawarudisha nyuma ya meko, wakawa mzigo wa wapishi, na Sista akaambiwa maabara sasa ni safi. Chifu alitaga yale mayai yake kwenye maganda ya mgomba. Sista alikubali hilo. "Ametoka nje akiwa hivyo," akasema. "Inatokea." Mayai hayo hayakufika popote, kwa sababu stima ilipotea na balbu ikazimika, nami sikuwa nimejifunza kuweka chupa ya maji moto kando ya tangi. Wekeni chupa ya maji moto.

Muhula ukaisha, mwingine ukaanza. Madam Kerubo akaenda likizo ya uzazi nyumbani kwake Kiogoro. Wasichana wa kikundi cha sayansi walikuwa wanaandaa maonyesho ya shule za kaunti, na mijusi ndio waliokuwa maonyesho yenyewe. Moraa, wa kidato cha tatu, ambaye mwanzoni alikuwa wa kwanza kupanda dawati, sasa aliwanyunyizia maji kila asubuhi akiwaita kwa majina. Ni yeye aliyenijia mbio siku moja.

"Fundi, Chifu ametaga tena. Tena si leo. Yameanguliwa."

Kweli, kwenye kioo walinata watoto wawili, kila mmoja mwembamba kama uzi wa kiatu.

Habari zilifika ofisini kabla yangu. Sista Perpetua aliniacha nimesimama akimaliza kutia sahihi karatasi zake.

"Fundi, uliniambia wote ni majike."

"Ni majike, Sista."

"Na hawa watoto wametoka wapi?"

Nikasema sijui. Akavua miwani, na hapo nikajua hatanii.

"Mimi sijui kemia," akasema. "Ukiniambia chupa hii ni maji, na hii ni tindikali, nakuamini, na watoto wa watu wanazishika kwa sababu nimekuamini. Sasa kama hujui mume na mke, nitaaminije chupa? Hadi Ijumaa unionyeshe dume alipo. Ukishindwa, mijusi watoke wote, maonyesho yasiwepo, na wewe nitakupeleka stoo ya mahindi. Mahindi hayana jinsia."

Nilitoka pale nikarudi maabara mbio. Nilikuwa na watoto shuleni, na nilikuwa nimelipenda lile koti jeupe kuliko nilivyokuwa nimewahi kukubali. Nikawatahini mijusi upya, mmoja mmoja, hadi jicho likauma kwenye lenzi. Laini, laini, laini. Nikatafuta dume kwenye makabati, nyuma ya saa ya ukutani, ndani ya fuvu la ile mifupa ya plastiki. Wasichana walinisaidia kwa furaha isiyo ya kawaida.

"Fundi, labda ni muujiza," Moraa akasema.

"Hilo usimwambie Sista."

"Yeye ndiye angelielewa kuliko wote."

Ndipo nikafanya jambo la kipumbavu. Nikakumbuka kwamba mchana Onchari huruhusiwa kuingia kubeba maji, na nikakumbuka yule dume aliyetoroka kwenye paa lake. Nikaenda kibandani nikamuuliza kama amewahi kumwingiza mjusi ndani ya ua, hata kwa bahati mbaya, hata mfukoni.

Onchari aliweka kikombe chini. Alisimama, akageuza mifuko yake nje yote miwili. Ilitoka leso, zikatoka njugu. Akaziokota njugu moja moja.

"Miaka yote nimelinda lango hili," akasema, "hakuna mwanamume aliyepita bila ruhusa. Sasa unasema nimebeba mmoja mfukoni."

Asubuhi iliyofuata, saa nne, nilikunywa chai yangu peke yangu maabara. Haikuwa na ladha.

Siku moja kabla ya Ijumaa nilienda Kiogoro na mkungu wa ndizi mbivu. Madam Kerubo alikuwa sebuleni na mtoto mchanga kifuani. Nilimweleza yote, toka Chifu hadi njugu za Onchari. Alianza kucheka kimya kimya, bega likitikisika, hadi mtoto akaamka akalia, naye akambembeleza huku machozi ya kicheko yakimtoka.

"Fundi, Chifu alikaa wapi ulipodhani ni dume?"

"Langoni."

"Na nani?"

"Na madume wawili." Nilipojisikia nikisema, nikaketi vizuri zaidi kwenye kiti.

"Mjusi jike huweka akiba," akasema. "Akikutana na dume mara moja, anahifadhi mbegu mwilini, anaitumia baadaye, miezi hata. Anataga mayai yenye uhai na hakuna dume karibu. Dume unayemtafuta hayumo shuleni. Alishamaliza kazi yake zamani."

Furaha yangu ilidumu hadi nilipokumbuka kwamba hayo maneno itanibidi niyaseme mbele ya Sista.

Ijumaa nilisimama ofisini. Nilikuwa nimefanya mazoezi njiani, nikawaambia migomba yote kutoka barabara kuu.

"Sista, kuna suala la akiba," nikaanza.

"Akiba ya nini?"

"Ya... mambo ya nyumbani. Mama wa nyumbani anaweza kuwa alipokea, zamani, akiwa nje, halafu akaweka. Halafu anatoa kidogo kidogo. Bila mtu kuingia."

Akaweka kalamu mezani.

"Fundi, unazungumza juu ya unga?"

"Hapana, Sista."

"Unazungumza juu ya mbegu ya dume."

"Ndiyo, Sista."

"Basi sema hivyo." Akaegemea kiti. "Kwetu mama alifuga kuku. Jogoo akichinjwa kwa wageni, tetea waliendelea kutaga mayai ya kuangua kwa siku kadhaa. Mama aliyakusanya haraka kabla hayajaisha nguvu. Sikujua mjusi naye anaweza, tena kwa miezi." Uso wake ukalegea. "Maonyesho yaendelee. Na umemuomba Onchari msamaha?"

Sikujua alilisikia wapi hilo. Nikaenda moja kwa moja langoni. Onchari alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema amenisamehe, lakini Sabato hii niende naye kanisani nikasikilize neno, kwa kuwa macho yangu yamezoea kutazama chini ya mikia. Nilienda, mimi Mkatoliki niliyezoea misa ya muda wa saa moja tu. Tuliingia asubuhi. Tulikula mchana palepale, mboga ya chinsaga na wali, tukaimba tena, tukajifunza tena. Jua lilipolegea ndipo nikaona mlango. Jumatatu saa nne, chai ilikuwa tayari kibandani, vikombe viwili.

Wasichana walienda kwenye maonyesho. Hawakushika nafasi ya kwanza. Ilichukuliwa na shule iliyotengeneza jiko la maganda ya ndizi. Lakini meza ya Moraa ndiyo iliyokuwa na watu wengi kuliko zote, na alieleza habari ya akiba ya jike mbele ya mapadri na wazazi bila kutafuta maneno ya unga.

Wale watoto wawili walikua. Mmoja alipenya kwenye kifuniko akahamia jikoni. Wa pili alibaki, na Sista aliuliza habari zake kila tulipokutana kwenye ukumbi: "Amekuwa nini?" Nilimwambia tungoje. Akauliza tena. Akauliza mbele ya walimu. Siku moja alikuja maabara nikiwa na haraka, kidato kizima kinasubiri mirija, nilimwinua kwenye bika, mwanga ukiwa hafifu, nikaona kama vitundu. Nikasema ni dume.

Nilidhani atafukuzwa. Sista alichungulia bika.

"Wale wengine waliingia kutoka nje," akasema. "Huyu amezaliwa humu. Hana kwao kwingine. Lakini na wasichana hawezi kukaa. Mlete ofisini kwangu."

Akampa jina Yosefu. Nikamwekea tangi dogo juu ya kabati, balbu yake na maganda yake ya mgomba. Sikutegemea yaliyofuata. Sista alijifunza kukamata panzi mwenyewe nyuma ya kanisa, kwa chupa ya asali. Alinitumia ujumbe balbu ikififia. Msichana mtundu akiletwa, Sista alimuuliza swali na kumgeukia Yosefu kama vile wanashauriana, na wasichana waliungama mambo ambayo hakuna aliyekuwa ameyashuku. Mwenyekiti wa wazazi alipolalamika kwamba haifai kafiri kuishi katika ofisi ya mtawa, alijibiwa kwamba huyo ndiye mwanamume wa kwanza kukaa katika ofisi hiyo akasikiliza hadi mwisho.

Halafu asubuhi moja, baada ya gwaride la wanafunzi, nikaitwa. Mlango ulikuwa umefungwa. Sista Perpetua alikuwa amesimama mbele ya kabati, mikono nyuma, na hakugeuka nilipoingia.

"Fundi, funga mlango."

Nikafunga.

"Yosefu ametaga."

Nilisogea nikatazama. Penye pembe ya tangi, juu ya ganda la mgomba, yalikuwepo mayai mawili, meupe, mapya kabisa. Yosefu alikuwa ameyakalia kwa juu kidogo, kwenye kioo, akijilamba jicho. Na kwa kuwa mwanga wa dirisha ulikuwa mzuri, nilimwona vizuri kwa chini bila lenzi. Laini. Mkia unashuka bila habari.

"Hayataanguliwa, Sista," nikasema. "Huyu hajawahi kukutana na dume. Ni matupu."

Sista aliinama karibu na kioo. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitambaa chake, akaivaa tena, akamtazama Yosefu.

"Miezi yote hii," akasema, "nimekuwa nikipiga hodi kabla ya kuingia ofisini mwangu mwenyewe."

"Pole, Sista," nikasema.